Rangi ya Pichi na Uso wa Mama Ritz

Kosa ni langu, acha niseme mapema. Shangazi aliponiuliza saluni yake ipakwe rangi gani, mimi ndiye niliyejibu "pichi", tena kwa sauti ya mtu anayejua. Wakati huo nilikuwa saidia fundi wa miezi mitano. Kidato cha nne nimemaliza, matokeo yamekuja yalivyokuja, mchana nashika rola na usiku naandika riwaya ambayo shangazi huiita "hilo daftari lako". Pichi nilikuwa nimeiona kwenye mapambo ya harusi, nikaiona kwenye chati ya duka la rangi, na fundi wangu alikuwa nayo kwenye simu, kwa sababu Desemba 2023 kampuni ya Pantone ya Marekani ilikuwa imetangaza pichi laini kuwa rangi yao ya mwaka 2024. Basi nikaona hapa siwezi kukosea.

Shangazi alikuwa amekopa kwenye kikoba. Fedha ile ilikuwa ya viti, ya draya, ya kioo kirefu na ya rangi, na kila Jumamosi alitakiwa kurejesha, saluni ipate wateja isipate. Tulipaka kuta zote nne. Mchana, mlango ukiwa wazi na jua la Tanga likiingia, rangi ilikuwa tamu mpaka wapita njia wakachungulia. Jua likazama. Tukawasha zile taa za tyubu tatu alizofunga darini fundi umeme. Lo! Kuta zikageuka rangi ya plasta ya kidonda, ile ya dukani, ikishakaa siku mbili mguuni.

Shangazi alisimama katikati ya chumba, kanga begani.

"Mwanangu, hii ndiyo pichi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Pichi ya Lushoto naijua mimi. Hii imeoza."

(Kamusi, msomaji, hulitaja tunda hilo kwa jina la fyulisi. Lakini nenda sokoni kwetu msimu wake, mapichi yanaposhuka kutoka milimani, uulize fyulisi uone utakavyotazamwa.)

Kama ingekuwa kuta tu tungevumilia. Shida ilikuwa nyuso. Mteja anasukwa saa nne, anamaliza, anajitazama, anatoa simu ajipige picha, anaitazama picha, anaifuta. Anapiga nyingine, anaifuta. Mmoja alisema kwa upole kabisa, "Dada, nywele nzuri, ila mwenyewe nimekaa kama mgonjwa." Hakurudi. Kulaumiwa zikalaumiwa nywele, na mwenye kuzisuka ni binti wa watu ambaye mikono yake haikuwa na kosa lolote.

Sasa, mimi habari ya rangi hii sikuitafuta kwa ajili ya saluni. Niliitafuta kwa ajili ya daftari. Katika riwaya yangu kuna kijana anayeingia kwa mara ya kwanza kwenye hoteli kubwa, na kwa kuwa mimi mwenyewe hoteli kubwa nimeingia nikiwa na ndoo na msasa tu, ikabidi nisome hoteli hizo zilianzaje. Huko ndiko nilikokutana na César Ritz.

Ritz alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Niederwald huko Uswisi, mtoto wa kumi na tatu wa familia ya wakulima. Alianza kazi akiwa kijana mdogo katika hoteli ya mji wa Brig, akaachishwa, akaambiwa kazi ya hoteli inataka kipaji na yeye hana. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu, maana na mimi nimeambiwa maneno ya namna hiyo. Mwaka 1867 akaenda Paris, akabeba sahani, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Hoteli ya Savoy ya London ilipofunguliwa Agosti 1889, ikiwa inawaka umeme wakati majumba mengi ya mji ule bado yalikuwa na taa za gesi, haukupita muda Ritz akaitwa kuiendesha, pamoja na mpishi wake Auguste Escoffier. Walivyoondolewa pale mwaka 1898, kwa kelele na tuhuma, ni riwaya nyingine nisiyoweza kuiingiza hapa.

Linalotuhusu ni biashara yake. Katika London ya siku zile, wanawake wa heshima hawakuwa na desturi ya kula usiku hadharani hotelini. Ritz alitaka waje, kwa sababu mwanamke akija mumewe atakuja, na mume akija na mke hataagiza supu peke yake. Ukumbi ukijaa wanawake waliovaa wakapendeza, wengine nao watataka kuja kuuona. Lakini hapo akakutana na adui, naye ni umeme wenyewe. Wanawake wale walikuwa wamezoea mshumaa. Mshumaa una mwanga mdogo, wa njano iliyoingia wekundu, na mezani unawaka karibu na usawa wa uso. Taa ya umeme iliyotundikwa juu bila kifuniko inamwaga mwanga kutoka utosini. Inachora kivuli chini ya macho, chini ya pua, chini ya kidevu. Mtu wa miaka thelathini anaamka na hamsini. Poda aliyojipaka chumbani kwa mshumaa inaonekana kama unga.

Ritz alipokuwa anaitayarisha hoteli yake mwenyewe ya Paris, iliyofunguliwa Place Vendôme tarehe 1 Juni 1898, hakulimaliza jambo hili kwa kumuuliza saidia fundi. Alimkalisha mkewe, Marie-Louise, kwenye kiti, saa baada ya saa, yeye na fundi umeme wakimjaribishia vifuniko vya taa vya rangi mbalimbali, huku wakiutazama uso wake. Rangi hii inampausha, itoe. Hii inamtia ukijani, itoe. Mwisho wakatulia kwenye rangi moja: waridi iliyoingia aprikoti, yaani binamu yake pichi. Mama huyo baadaye aliandika kitabu cha maisha ya mumewe, kikatoka mwaka 1938, na humo habari ya vikao vile imo. Taulo za hoteli ile ya Paris zimebaki za rangi ya pichi hadi siku zetu.

Nakumbuka nilikimbia na habari hiyo mpaka saluni kama niliyeokota dhahabu. Kumbe sikukosea! Pichi ni rangi ya hoteli ya wafalme! Nikamsimulia shangazi yote, kiti, mke, fundi umeme, vifuniko. Alinisikiliza akikunja taulo. Akaniuliza swali moja tu.

"Huyo Mama Ritz, alikuwa mzungu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Haya."

Akaendelea kukunja taulo.

Ile "haya" ilinikosesha usingizi. Kwa sababu ukiifuata pichi kwenye historia, unakuta mara nyingi imetembea na uso mmoja. Kampuni iliyotengeneza penseli za nta za Crayola huko Marekani ilikuwa na rangi moja iliyoandikwa kwa Kiingereza "nyama ya mwili", maana yake rangi ya ngozi. Mwaka 1962, wakati Wamarekani weusi wakiwa katikati ya kudai haki zao, jina lile likabadilishwa. Likawaje? Likawa "pichi". Rangi ni ileile ndani ya boksi lilelile. Miaka yote ile mtoto mweusi aliyetaka kuchora mama yake alikuwa anaambiwa na penseli kwamba ngozi ni pichi, na kama mama yake si pichi basi ni jambo lake yeye na mama yake. Na ile plasta ya kidonda niliyoitaja mwanzo unadhani rangi yake imetoka wapi? Ilikusudiwa isionekane, ila haikukusudiwa isionekane kwenye mguu wangu.

Lakini sikutaka kuishia kwenye manung'uniko, maana manung'uniko hayarejeshi mkopo wa Jumamosi. Na kuna kitu kilikuwa hakikai sawa. Pichi kama imekusudiwa wazungu, mbona kwenye harusi zetu, usiku, chini ya zile taa ndogo za njano, bibi harusi wetu mweusi huonekana amewaka kama kaa? Pichi ileile, ngozi yetu ileile.

Jibu nililipata kwa mzee mmoja Mfaransa ambaye Ritz alimkuta bado yu hai, ingawa shughuli zao hazikukutana. Michel-Eugène Chevreul alizaliwa 1786 na kufa Aprili 1889, umri miaka 102, miezi minne tu kabla Savoy haijafunguliwa. Alikuwa mwanakemia. Mwaka 1824 alipewa usimamizi wa kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Akakuta malalamiko: nyuzi nyeusi hazikolei, zikifumwa kando ya bluu na zambarau zinaonekana dhaifu. Akazichunguza, akazilinganisha na za kwingine, akakuta dawa ya rangi haina kasoro. Kasoro ilikuwa ya ujirani. Jicho likitazama rangi mbili zilizokaa pamoja, kila moja huisukuma mwenzake kuelekea upande wa pili. Jaribu mwenyewe: kata vipande viwili vya karatasi ya kijivu, kimoja kiweke juu ya kanga nyekundu, kingine juu ya kanga ya kijani. Kijivu cha kwenye nyekundu kitajitia ukijani, na cha kwenye kijani kitajitia wekundu. Karatasi ni ileile.

Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka 1839, na humo hakuishia kwenye nyuzi. Alitoa ushauri mpaka wa vile vyumba vidogo vya kukalia matajiri kwenye kumbi za michezo ya kuigiza. Akasema ukuta wa nyuma usiwe wa waridi, kwa sababu waridi ya ukuta inaiba waridi ya shavu, na mtu anabaki na ukijani. Tia kijani hafifu, shavu litachangamka lenyewe.

Nilisoma hapo mara tatu. Huyu anasema waridi ukutani inaharibu uso, yule mwenzake anatafuta waridi-aprikoti ya kupendezesha uso. Nani mwongo? Hakuna. Ritz aliiweka rangi kwenye taa, mbele ya uso, na mwanga wake ukamwagikia shavuni ukaongeza kilichopo. Chevreul alikuwa anazungumzia rangi iliyo nyuma ya uso, na iliyo nyuma inapunguza kilichopo. Mimi na rola langu tulikuwa tumeitandaza pichi nyuma ya kila mteja, halafu mbele yake tukawasha mwanga wa kibuluu wa tyubu. Tumekosea huku na huku, kwa gharama ya mkopo.

Wafanyabiashara wa Marekani walilijua hilo zamani. Katika miaka ya 1930 mshauri wa rangi aitwaye Faber Birren aliitwa na mwenye bucha mmoja wa Chicago. Yule bwana alipaka bucha lake rangi nyeupe safi kabisa, akashangaa nyama inaonekana imefifia. Birren akamshauri apake kuta rangi ya bluu iliyoingia kijani. Nyama ikawa nyekundu, mauzo yakapanda. Nyama haikuguswa. Na huyohuyo Birren, kwenye sehemu za kulia chakula, alizipendelea pichi na ndugu zake wa jamii ya machungwa, kwa kuwa zinafungua hamu ya kula. Hapo hakuwa anatafuta uso wa mtu, alikuwa anatafuta tumbo lake. Ndiyo maana siku hizi nikisikia fundi anasema "pichi inafaa biashara yoyote" nanyamaza tu, mkubwa hakosolewi mbele ya mteja, lakini moyoni nauliza: biashara ya nini, na mteja anakuja kutazama nini?

Miaka hiyohiyo ya 1930 yalitoka mapambo ambayo, laiti ningekuwa na fedha, ningemnunulia shangazi kesho: vioo vya pichi. Vioo vya kujitazamia, ila vimetiwa rangi. Vilikuwa mtindo kwenye hoteli na kumbi za sinema za Ulaya na Marekani. Mwanamke anatoka kunawa, anajitazama, anajiona ametoka likizo. Huo ni ujanja wa Ritz umehamishwa kutoka kwenye taa ukaingia kwenye kioo, maana mbele ya kioo hakuna shahidi mwingine.

Halafu ikaja tyubu. Kampuni ya General Electric ilianza kuziuza mwaka 1938, na mwaka 1939 zikaonyeshwa kwa fahari kwenye maonesho ya dunia ya New York. Zilitumia umeme mchache, zikatoa mwanga mwingi, na maofisi na maduka wakazikimbilia. Tatizo ni kwamba tyubu nyeupe za kawaida ziligawa mwanga wake vibaya, wekundu ukawa haba. Ngozi nyeusi ya mtu, msomaji, uking'amua vizuri ni machungwa iliyokolea sana. Wekundu wake upo ndani, unasubiri kuitwa. Mwanga usio na wekundu hauwezi kuuita. Kinachobaki juu ni majivu. Na rangi ya pichi ukutani nayo inauhitaji wekundu huohuo, ukikosekana inakufa. Kumbe ule usiku wa kwanza ukuta na mteja walikuwa na njaa moja.

Nilimwambia shangazi tufanye kama Ritz. Akasema hana fedha. Nikamwambia ni balbu tu, nitatoa kwenye kibarua changu. Jumatatu moja baada ya kufunga, tukamwita yule fundi umeme, nikanunua balbu za LED za aina tatu. Kwenye boksi kuna namba inayomalizia na herufi K. Ya 6500 ni nyeupe ya kibuluu, nayo ndiyo iliyojaa madukani kwetu kwa sababu watu wanaona inawaka zaidi. Ya 3000 ni ya joto. Ya 2700 ni ya joto zaidi, karibu na zile balbu za zamani za waya. Shangazi akakaa kwenye kiti cha wateja, kanga ameifunga, uso umechoka na siku nzima ya kusimama. Nilimtazama shangazi kwenye kioo kile kwa saa nzima, na nakiri sikuwahi kumtazama hivyo tangu nizaliwe.

Ya 6500 darini: majivu. Ya 2700 darini: afadhali, lakini macho yamezama. Tukazishusha, moja kila upande wa kioo, usawa wa uso. Ya 2700 ikamfanya wa shaba, akacheka, akasema hii ni ya harusini, hapa watu watasinzia. Ya 3000 ikakaa. Lakini ukuta wa nyuma yake, ule unaoonekana ndani ya kioo, bado ulikuwa umemkodolea macho. Chevreul alishauri kijani hafifu kwa shavu la waridi, lakini shangazi hana shavu la waridi. Nikawaza, kama ngozi yake ni machungwa iliyokolea, basi wa kuisukuma ni bluu. Nikachukua kitenge chake cha bluu ya bahari iliyoingia kijani, nikapanda kwenye kiti, nikakitandaza ukutani kwa mikono miwili.

Hakusema kitu. Alijisogeza mbele kidogo, akashika shavu lake.

"Usikishushe kwanza," akasema.

Mkono ulikuwa unaniuma, sikukishusha.

Ukuta ule mmoja nimeupaka upya, kopo la lita nne, kwa posho yangu. Zile kuta nyingine tatu ni pichi mpaka leo, na chini ya balbu za joto zimefufuka, ukizitazama jioni unaweza kudhani zilikusudiwa. Lakini si kwamba mambo yalinyooka. Wiki ya kwanza binti msukaji aligoma. Nywele nyeusi, uzi mweusi, mwanga wa njano: haoni njia za kichwani, mistari inapinda, macho yanamtoka machozi. Alikuwa na haki. Ritz hakuwa na mtu anayesuka pale mezani. Wenye kutazamwa walikaa ukumbini, wenye kazi ya kuona walikuwa jikoni, na jikoni sijasoma popote kwamba kulikuwa na vifuniko vya aprikoti.

Basi fundi umeme akarudi, akatenganisha swichi. Ya kushoto ni tyubu, ya kulia ni balbu za kioo. Binti anasuka kwa tyubu mpaka uzi wa mwisho. Akimaliza, anamfuta mteja shingo, anaita, "Shangazi!" Shangazi anainuka popote alipo, anazima ya kushoto, anawasha ya kulia, kisha anasimama kando ya swichi akisubiri mtu atoe simu yake.